Gari la zamani, njia ndefu: mwongozo kwa wenye magari wa Lubumbashi

Jumapili asubuhi ukipita mitaa ya Kamalondo au Katuba, hutakosa kuona Peugeot 404 chini ya mwembe, 504 ya rangi ya maziwa, Volkswagen Coccinelle ya mzee aliyestaafu mgodini, au Mercedes ya miaka ya sabini inayooshwa na wajukuu. Mengi ya magari hayo yanawaka mpaka leo. Yanampeleka bibi arusi kanisani, yanarudi, yanafunikwa turubai. Mwongozo huu ni kwa mwenye gari la namna hiyo anayetaka kulipeleka mbali: mamia ya kilomita kwa siku, siku kadhaa mfululizo, na kurudi nalo kwa nguvu ya injini yake, si kwa kamba.

Safari hizi za ustahimilivu zina historia ndefu. Tarehe 10 Juni 1907 magari matano yaliondoka Beijing kuelekea Paris. Mwanamfalme Scipione Borghese alifika wa kwanza, tarehe 10 Agosti, na Itala yake, akiwa na fundi Ettore Guizzardi na mwandishi wa habari Luigi Barzini. Huko Uingereza, klabu ya wenye magari ya Triumph ilianzisha mwaka 1966 mzunguko wa nchi nzima: kilomita zipatazo 3,200 ndani ya saa 48, madereva wakipokezana usukani usiku na mchana. Hakuna anayepewa kikombe kwa kuwahi. Heshima ni kumaliza. Huku Afrika, Safari Rally ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1953, ilikuwa mashindano ya kasi kweli kweli, lakini hata yenyewe ilikuwa kwanza mtihani wa kufika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, yakamaliza 7 tena. Mshindi wa miaka yote miwili alikuwa Nick Nowicki, na gari lake lilikuwa Peugeot 404, gari la familia, si la nguvu nyingi.

Nimesema hayo ili jambo moja lieleweke mapema: kwenye njia ndefu, gari la zamani linabebwa na wastani wake. Ukichagua wastani mdogo na kuulinda kutwa nzima, utafika. Ukikimbia saa moja kisha ukasimama saa mbili kungoja maji yapoe, umepoteza muda, na huenda umeshaanza kuiua injini. Hatua zote zinazofuata zinalinda wastani huo.

Kuchagua gari na kulijua

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, linahesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha angalau miaka 30. Kwa safari zetu kipimo hicho kinatosha. Kilicho muhimu zaidi ni vipuri. Gari zuri la kuanzia ni lile ambalo fundi wa mtaani kwako analifahamu kwa mikono yake, na ambalo vipande vyake unaweza kuvipata Lubumbashi bila kungoja ndege. Ndiyo maana mimi nitamshauri kijana aanze na 504, ambayo saluni yake ilitengenezwa Ufaransa toka 1968 hadi 1983, kabla ya kufikiria gari la kifahari ambalo hapa mjini liko moja tu. Gari adimu ni zuri kwa maonyesho. Njiani unataka gari ambalo hata fundi wa Likasi ameshalifungua.

Usisafiri na gari ulilolinunua juzi. Litumie kila siku kwa mwezi mzima: sokoni, kazini, Karavia na familia. Weka daftari ndani ya gari, uandike kila mara unapoongeza esansi (petroli), maji au mafuta ya injini, pamoja na kilomita. Baada ya mwezi, daftari litakuambia gari linakula lita ngapi kwa kilomita 100, na kama linapoteza mafuta ya injini polepole au kwa haraka. Gari linalotaka nusu lita ya mafuta ya injini kwa kilomita 1,000 linaweza kusafiri, mradi ubebe mafuta ya kutosha. Gari linalotaka lita nzima kwa kilomita 200 lipelekwe kwanza kwa fundi.

Kitu kimoja kinasahauliwa sana. Injini nyingi za zamani zilitegemea madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya esansi ili kulinda viti vya valvu, yaani mahali valvu zinapokaa zikijifunga, na esansi ya namna hiyo ilikoma kuuzwa Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006. Mwambie fundi apime nafasi za valvu kabla ya safari na baada ya safari, injini ikiwa baridi. Kama nafasi ya valvu za kutolea moshi inazidi kupungua, viti vinalika, na mwendo wa kasi wa muda mrefu utavimaliza. Dawa yake ni kuweka viti vigumu. Wakati unangoja, usiibane injini kwa mizunguko mingi.

Joto ndilo adui mkubwa

Hapa ndipo nitakaa kwa muda, kwa sababu magari mengi ya zamani yanayoachwa kando ya barabara yameachwa kwa sababu ya joto.

Lubumbashi iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kolwezi iko juu zaidi. Kwa urefu huu maji hayangoji digrii 100. Yanachemka karibu na 96. Kinacholinda injini ni mfuniko wa radiata. Mfuniko mzima huzuia mvuke na kuweka shinikizo ndani, na shinikizo la nusu bari hupandisha kiwango cha kuchemka kwa digrii kumi na zaidi. Mfuniko uliochoka, ambao mpira wake umekauka, unakunyang'anya digrii zote hizo. Nunua mpya wenye namba ya shinikizo inayotakiwa na gari lako. Usichukue wa namba kubwa zaidi ukidhani ni bora. Mabomba ya zamani yatapasuka.

Radiata yenyewe ifunguliwe, ioshwe ndani, isafishwe nje pia. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu na wadudu huziba mapezi yake kiasi kwamba hewa haipiti. Oshea maji kutokea upande wa injini kwenda mbele, kwa shinikizo dogo, ili uchafu utoke ulikoingilia. Halafu mabomba ya mpira: yabonyeze kwa vidole. Bomba zima linarudi lilivyokuwa. Bomba lililo laini kama ndizi mbivu, au linalotoa sauti ya kukatika ndani, litupe leo. Badilisha na kola zake, yaani vifungo vinavyolibana.

Garaji nyingi mjini zina tabia ya kutoa thermostati, ule mlango mdogo unaofungulia maji njia ya radiata yakipata moto, na kuitupa, zikisema nchi yetu ni ya joto. Mimi siikubali kabisa. Kwenye injini nyingi thermostati inapofunguka hufunga pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye radiata, na mlimani gari linachemka zaidi kuliko zamani. Irudishe, mpya. Ijaribu jikoni kabla ya kuifunga: itumbukize ndani ya sufuria ya maji, washa moto, uitazame ikifunguka kabla maji hayajachemka.

Wenye 404 na 504: feni ya magari mengi ya aina hizo ina klachi ya umeme, inazunguka pale tu maji yanapopata moto. Waya wake ukikatika hutajua mpaka sindano ya joto iwe juu. Kabla ya kuondoka iache injini ingurume gari likiwa limesimama, ukae pale pale na usikilize feni ikishika. Isiposhika, fundi anaweza kuifunga izunguke moja kwa moja. Utapoteza esansi kidogo, lakini utafika.

Wenye Coccinelle hawana maji, lakini wana mkanda. Mkanda mmoja unazungusha jenereta na feni inayopoza injini. Taa nyekundu ya jenereta ikiwaka ukiwa barabarani, usijiambie ni umeme tu na kwamba utafika mjini. Simama hapo hapo. Mkanda ukikatika, injini haipati hewa, na kilomita chache zinatosha kuiharibu. Beba mikanda miwili ya akiba, jifunze kuibadilisha mwenyewe, na hakikisha una ufunguo wake ndani ya gari. Mafuta ya injini hiyo ni lita 2.5 tu, na hayana chujio la karatasi, ila wavu wa chuma. Yabadilishwe kila kilomita 5,000 au mapema zaidi.

Joto linashambulia esansi pia. Pampu ya zamani imefungwa kwenye ubavu wa injini, na bomba lake linapita karibu na moto. Ukisimama kwenye foleni ndefu mchana, esansi inageuka mvuke ndani ya bomba, pampu inavuta hewa, gari linazimika na kukataa kuwaka. Mwaga maji baridi juu ya pampu, funika kwa kitambaa kilicholowa, ngoja dakika kumi na tano. Suluhisho la kudumu ni kusogeza bomba mbali na bomba la moshi, kulivika kinga ya joto, na kufunga pampu ndogo ya umeme karibu na tangi. Pampu hiyo lazima iwe na swichi inayofikika haraka, ili ajali ikitokea esansi isiendelee kumwagika. Weka pia chujio la plastiki linaloonyesha ndani kabla ya kabureta. Ukinunua esansi ya bidoni kando ya barabara, chujio hilo litakuonyesha mchanga na maji kabla hayajafika mahali pabaya.

Chujio la hewa lenye vumbi linaifanya injini ile esansi nyingi na kukosa nguvu. Kwenye barabara ya vumbi, lisafishe kila jioni.

Breki, tairi, umeme

Breki za gari la zamani zilitengenezwa kwa mwendo wa zamani na malori ya zamani. Leo barabara ya Kolwezi ina makamyo makubwa ya shaba, kobalti na tindikali, na mengine hayakupi nafasi. Badilisha mafuta yote ya breki, kwa sababu yanakunywa unyevu wa hewa na baada ya miaka yanachemka ukishuka mlima. Badilisha mabomba ya mpira ya breki hata kama nje yanaonekana mazuri. Ndani huvimba na kuziba.

Tairi zina tarehe. Tafuta namba nne zilizoandikwa ubavuni baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linalolala sana huwa na tairi zenye meno mazuri na mpira uliokufa. Zikipita miaka kumi, hata kama hazijalika, usisafiri nazo. Baada ya kufunga magurudumu, kaza nati tena ukitembea kilomita 50. Upepo upimwe asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Umeme: nafasi ya platini za delko (kigawa umeme wa bujia) kwenye 404, 504 na Coccinelle ni milimita 0.4. Beba platini, kondensa, rota, kofia ya delko, bobini na bujia za akiba. Kondensa nyingi mpya za siku hizi hazidumu. Ile ya zamani iliyokuwa inafanya kazi vizuri usiitupe, ibaki kwenye sanduku. Kama gari lako lina dinamo, kumbuka kwamba injini ikinguruma polepole dinamo haitoi umeme wa kutosha. Kwenye foleni zima taa na feni ya ndani, la sivyo batri itakufa mbele ya forodha.

Vitu vingine vya sanduku: lita 20 za maji, lita 4 za mafuta ya injini, mafuta ya breki, mikanda, mabomba ya radiata, waya, fyuzi, balbu, kebo ya klachi na ya kabureta, jeki pamoja na kipande cha ubao wa kuiwekea chini, kamba ya kuvutia, kizima moto kilicho karibu na dereva, sanduku la huduma ya kwanza, fulana zinazong'aa. Mikanda ya usalama ifungwe hata kama gari lilitoka kiwandani bila hiyo.

Majaribio matatu

Jaribio la kwanza ni la kilomita 50 kuzunguka mji, njia ya Kipushi na kurudi kwa mfano. Unatafuta kinachovuja na kinacholegea. Rudi nyumbani, lala, asubuhi tazama chini ya gari.

La pili ni Lubumbashi hadi Likasi na kurudi, kama kilomita 240. Ondoka alfajiri kwa sababu mbili: hewa ni baridi, na barabara ina watu wachache. Si tupu lakini. Utawakuta vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya makala, wakielekea mjini, na hawawezi kukukwepa. Mzigo wao ni mzito kuliko wao. Wape nafasi nzima, punguza mwendo mapema, usiwapigie honi wakiwa karibu. Pale Luisha na kwenye peaje, kituo cha kulipia barabara, tazama sindano ya joto gari likiwa limesimama, maana ndipo radiata dhaifu inapojionyesha. Ukifika Likasi zima injini, fungua boneti, ngoja dakika kumi, jaribu kuwasha tena. Gari linalokataa kuwaka likiwa na moto halijawa tayari.

Nati, mabomba na waya vikaguliwe upya baada ya safari hiyo, ndipo ufanye jaribio la tatu: Kolwezi, kupitia Likasi na Fungurume, karibu kilomita 300 kwenda, ulale huko, urudi kesho yake. Gari likirudi bila kuhitaji kitu zaidi ya maji kidogo na mafuta kidogo, linaweza kwenda popote panapopitika.

Majira yanachangia sana. Juni na Julai ndiyo miezi mizuri: barabara kavu, asubuhi baridi, injini inapumua. Septemba na Oktoba kuna joto kali na moshi wa moto wa porini unaofunika barabara. Toka Novemba mvua zinaanza, na wipa za gari la 1965 hazikuundwa kwa mvua ya Katanga.

Kupanga wastani na kuulinda

Chukua karatasi. Wastani wa kilomita 60 kwa saa maana yake ni kilomita moja kwa dakika moja. Ndiyo hesabu rahisi kuliko zote, na kwa gari la zamani kwenye barabara yetu inatosha. Wastani wa 50 ni sekunde 72 kwa kilomita, wa 48 ni sekunde 75, wa 40 ni sekunde 90. Barabara ya lami panga 60, ya vumbi panga 40, kisha ongeza muda wa kusimama kando, usiuchanganye. Lubumbashi hadi Kolwezi: saa tano za kutembea, saa moja na robo za vituo, peaje na chakula. Ondoka jua likichomoza, utakula chakula cha mchana Kolwezi.

Kabla ya kuamini kilomita za gari lako, zipime. Tembea kilomita 20 kwa kufuata simu yenye GPS, utazame kipimo cha gari. Kikionyesha 20.8, basi kila namba yake izidishe kwa 0.96. Fanya hivyo tena ukibadilisha ukubwa wa tairi.

Sasa, njiani. Mwenzako wa kiti cha pembeni ana daftari, saa na orodha ya vituo. Kila kilomita 20 anasema, dereva anajibu:

"Yaya, kilomita 60. Tumechelewa dakika sita."

"Sawa, mdogo wangu. Maji?"

"Sindano iko katikati. Mafuta mazuri. Esansi nusu."

"Basi tunapanda kidogo tu."

Kidogo tu, ni kweli. Ukitoka mwendo wa 70 kwenda 75, kilomita 100 zinakurudishia dakika sita. Injini haitahisi kitu. Ukitaka kuzirudisha kwa kukimbia 100, jua kwamba kutoka 80 hadi 100 nguvu inayotakiwa kupasua hewa inakaribia kuwa mara mbili, na nguvu hiyo yote inatoka na joto lake. Ukichelewa zaidi ya nusu saa usiirudishe kabisa; kata kituo kimoja kifupi, au kubali kufika umechelewa na uwapigie wanaokungoja.

Kama mmeandaa kitabu cha njia, chora kila njia panda kwa alama za tulipu, zinazotumika kwenye rali duniani kote: kitone ndipo unapotokea, mshale ndipo unapokwenda, na pembeni kilomita za toka kituo kilichopita. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuisoma. Simu ikizimika, karatasi bado ipo.

Miili ya watu

Wale Waingereza wanaokesha saa 48 wana barabara zenye mistari inayong'aa na mapumziko yenye taa. Usiwaige. Huku usiku kuna kamyo lililoharibika katikati ya barabara bila taa, likiwa na matawi ya mti tu kama onyo. Safari zetu ziwe za mchana: jua linatupa saa kumi na mbili, tumia tisa, bakiza tatu kwa matatizo. Magari yawe yameegeshwa kabla ya jua kuzama, bila mjadala.

Badilishaneni usukani kila saa mbili, hata kama dereva anasema hajachoka. Gari la zamani lina usukani mzito, kelele, joto la miguuni na harufu ya esansi, na vyote hivyo vinachosha bila mtu kujua. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anaendesha vibaya kama mwenye gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu. Kwa hiyo aliyekesha matangani au kwenye maandalizi ya safari akae kiti cha nyuma siku ya kwanza. Ukisinzia, muziki na dirisha wazi havitakuokoa. Simamisha gari mahali salama, lala dakika ishirini.

Mchana kula kidogo. Bukari ya kushiba ibaki ya jioni, baada ya funguo kutoka kwenye gari. Maji kunywa kila mara, kila mtu awe na chupa yake.

Kwenda kwa kundi

Magari manne hadi nane yanatosha. Linalokwenda polepole zaidi likae mbele. Hilo ndilo linalotoa wastani wa wote. Nyuma kabisa iwe pikapu ya fundi, yenye kamba, welda ya kukodi ikiwezekana, na maji mengi. Kila dereva anawajibika kwa gari lililo nyuma yake: asipoliona kwenye kioo, anapunguza, kwenye njia panda anasimama mpaka alione. Kwa sheria hiyo moja hakuna anayepotea, hata mtandao usiposhika. Acheni nafasi kubwa kati yenu ili kamyo na teksi ziweze kupita moja baada ya nyingine.

Msiondoke kimya kimya. Peleka barua mapema kwa ofisi ya meya na polisi wa barabarani, ikiwa na orodha ya magari, namba zake na njia. Kila gari liwe na karti rozi (kadi ya gari), asiransi (bima), vinyeti (stika ya kodi ya barabara), kontrole tekiniki (cheti cha ukaguzi) na peremi (leseni) za madereva wote, nakala kwenye bahasha ya plastiki mbele, karatasi zenyewe mahali pengine. Kwenye vizuizi ni mtu mmoja tu wa kundi anayezungumza, na mara nyingi mama mwenye umri anafaa kuliko kijana mwenye haraka. Salamu kwanza, karatasi baadaye.

Kuvuka Kasumbalesa

Mkishazoea Kolwezi, njia nzuri ya kweli ni ya kusini, ndani ya Zambia: Lubumbashi, Kasumbalesa mpakani, Kitwe, Lusaka, Livingstone, mpaka kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria). Ni karibu kilomita 1,000 kwenda. Igawe siku tatu. Siku ya kwanza ni fupi kwa kilomita, ndefu kwa karatasi: kilomita kama 90 hadi mpakani, forodha, kisha Chililabombwe, Chingola na kulala Kitwe. Siku ya pili Lusaka. Siku ya tatu Livingstone, kupitia Mazabuka, Monze na Choma. Mkitoka daraja la Kafue mtapanda vilima vya Munali, ambako malori yanatambaa na nyie mtatambaa nyuma yake. Pale ndipo mfuniko wa radiata unalipa bei yake. Shuka gia mapema, usiisukume injini ikiwa inalia.

Asiransi ya Kongo haivuki mpaka yenyewe. Omba Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kabla ya kuondoka. Inafanya kazi Zambia. Upande wa pili kuna kibali cha kuingiza gari kwa muda, kodi ya kaboni na ada za barabara, kwa hiyo muwe na kwacha mkononi. Kama gari si la jina lako, beba barua ya mwenye gari iliyothibitishwa. Kila gari liwe na pembetatu mbili na vibandiko vinavyong'aa, vyeupe mbele na vyekundu nyuma. Saa haibadiliki, wakati wa Lusaka ni wa Lubumbashi.

Kinachobadilika ni upande. Zambia wanaendesha kushoto, na magari yetu mengi yana usukani kushoto. Dereva atakuwa karibu na majani, haoni mbele ya kamyo. Anayeona ni mwenzake wa kulia. Kubalianeni maneno mawili kabla ya kuvuka: "wazi" na "bado". Likisemwa lingine lolote, dereva habadilishi njia. Anayeogopa kusema "bado" kwa sababu dereva ni mkubwa wake asikae kiti hicho. Bandika pia utepe mweusi kwenye kona ya taa za mbele, kwa sababu zimeelekezwa kulia na zitawapiga machoni wanaokuja. Hatari kubwa ni asubuhi ya pili, mkitoka kwenye hoteli au kituo cha esansi barabara ikiwa tupu: mkono unarudi kulia wenyewe. Mwenzako aseme "kushoto" kila mnapoondoka, kila mara.

Mwenye hamu ya makubwa zaidi ana Safari Classic ya Afrika Mashariki, inayoandaliwa kutoka Kenya tangu 2003 kwa magari ya zamani. Hiyo ni rali ya kasi, inataka gari lililojengwa upya na fedha nyingi. Nenda kwanza uitazame kama mtazamaji, uzungumze na mafundi kule kwenye mahema ya huduma; wanaeleza mengi kwa anayeuliza vizuri.

Mkirudi nyumbani

Jioni ile ile, injini ikiwa bado ya moto, mwaga mafuta yake kwenye beseni safi, uyatazame juani kesho yake. Chembe zinazong'aa za rangi ya shaba ni beringi. Mwite fundi kabla ya kuwasha tena. Wiki hiyo pima nafasi za valvu, linganisha na zile za kabla. Kaza nati za magurudumu, za springi na za egzosi. Osha vumbi chini ya gari, hasa juu ya tangi na ndani ya mbawa, maana linashika unyevu na kuzaa kutu mvua zikianza. Jaza tangi esansi mpaka juu ili hewa yenye unyevu isibaki ndani. Halafu fungua daftari, uandike kila kipuri mlichotumia, na ukiagize wiki hiyo hiyo, kwa sababu mkanda wa akiba uliofungwa kule Choma haumo tena ndani ya sanduku.